Adhabu Ndogo kwa Dhulma Kubwa

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (Subhanahu wa Taala), Muumba wa kila chenye roho, kitembeacho, kirukacho na kiogeleacho. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu, katika toleo hili tumeona tulizungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona dogo mbele ya misiba mingi iliyotuzunguka. Jambo lenyewe ni adhabu apewayo mtu anayemtesa kwa makusudi mnyama anayeishi naye: paka wa nyumbani, mbwa wa ulinzi, punda wa kazi na mfano wa hao. Hatumkusudii aliyesahau siku moja kumjazia mnyama wake maji. Twamkusudia amwagiaye paka maji ya moto kwa sababu amesogelea samaki, awatiaye watoto wa paka ndani ya gunia akawatupa baharini, amfungaye mbwa juani kwa kamba fupi mpaka akafa kwa kiu, na amwashaye moto kiumbe hai huku wenzake wakicheka. Mambo haya hutendeka mitaani, na aghalabu mtendaji hulala kwake usiku ule ule bila ya kuulizwa na mtu.

Rai yetu twaitanguliza wazi. Adhabu iliyowekwa na sheria ya Kenya kwa ukatili wa namna hii ni ndogo mno, yafaa iongezwe, na Waislamu ndio wanaopaswa kuwa wa mbele katika kulidai hilo, kwa kuwa dini yao imelitangulia kulisema kwa zaidi ya karne kumi na tatu.

Sheria ilivyo

Kenya inayo Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, ambayo ni Sura ya 360 katika Sheria za Kenya. Ilitungwa mwaka 1962, kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa. Katika kuyaeleza makosa, sheria hii haina upungufu mkubwa. Imekataza kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumtia hofu, kumbebesha kupita kiasi, kumnyima chakula na maji, kumtelekeza, na kumpa sumu pasi na sababu ya maana.

Upungufu uko katika malipo ya makosa hayo. Mwenye hatia atatozwa faini isiyozidi shilingi 3,000, au atafungwa kifungo kisichozidi miezi 6, au atapewa vyote viwili. Tuzingatie kiwango hiki. Shilingi 3,000 leo hazimpati mbuzi wa akika. Mtu aliyemchoma paka kwa moto akiwa na akili zake timamu anaweza kuingia mahakamani asubuhi, akalipa fedha isiyofika bei ya mbuzi, kisha akarudi nyumbani kwake kabla ya sala ya adhuhuri.

Kuna kasoro ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Makosa yote hayo yamekusanywa chini ya ukomo mmoja. Mwenye mkokoteni aliyezidisha magunia mawili juu ya punda wake ili apate nauli ya kuwalisha watoto, na mtu aliyemkata mnyama viungo kwa kujifurahisha, wote wawili wanasimama mbele ya hakimu ambaye mkono wake umefungwa kwa kamba ile ile. Hata hakimu akiona kwamba kosa hili la pili ni ovu mara kumi kuliko la kwanza, hana pa kuipeleka adhabu. Na pale ambapo adhabu ya juu kabisa ni hiyo, askari polisi naye huona kwamba kufungua jalada ni kupoteza karatasi, na jirani aliyeshuhudia huona kwamba kwenda kutoa ushahidi ni kujitafutia uadui wa bure. Hivyo ndivyo udogo wa adhabu unavyoiua sheria yenyewe.

Dini yetu yasemaje

Wengi wetu tumezisikia hadithi za mlango huu tangu tulipokuwa tukikaa juu ya mikeka ya chuoni, lakini kuzisikia ni jambo moja na kuzizingatia ni jambo jingine. Maimamu Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tuangalie alilofanya mwanamke yule. Haikutajwa kwamba alimpiga wala kwamba alimchoma. Alimfungia tu, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Ikiwa huyu wa kumfungia na kumnyima chakula amefikwa na hayo, basi hali ya yule anayemwagia kiumbe mafuta ya taa itakuwaje?

Na wamepokea maimamu hao hao habari ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno mpaka akapanda juu, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamlipa kwa kumsamehe dhambi zake. Masahaba walipouliza iwapo wana ujira kwa ajili ya wanyama, Mtume (S.A.W.) aliwajibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, mna ujira.

Ama paka hasa, ipo hadithi ya Abu Qatada (R.A.) iliyomo katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi. Paka alikuja kunywa katika maji ya udhu, naye akamwinamishia chombo mpaka akatosheka. Alipoona anatazamwa kwa mshangao, akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka, wakiingia na kutoka majumbani mwetu. Wanazuoni wamelifahamu neno hilo kuwa limemfananisha paka na watu wa huduma ya nyumba. Basi kiumbe huyu amekwisha kupewa nafasi ndani ya kaya, na mwenye kumtesa amemdhulumu aliye chini ya dari yake.

Haya yote huenda mtu akayachukulia kuwa ni mawaidha ya kulainisha nyoyo, hayahusiani na mahakama. La. Mafaqihi wetu waliyatolea hukumu za kutekelezwa. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika kitabu chake Minhaj ambacho kimesomeshwa muda mrefu katika pwani yetu hii inayofuata madhehebu ya Imamu Shafi, ameeleza kwamba mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa: ikiwa mnyama ni wa kuliwa, amuuze au amlishe au amchinje, na ikiwa si wa kuliwa, amuuze au amlishe. Neno la kuzingatiwa hapa ni kulazimishwa. Halazimishi ila mwenye mamlaka.

Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki mwaka 660 Hijria) alikwenda mbali zaidi akazitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu moja baada ya moja: alishwe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutotarajiwa tena faida yake, asibebeshwe asichokiweza, asiwekwe pamoja na kitakachomdhuru, na mtoto wake asichinjwe akiwa anamtazama. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), alipoeleza kazi za muhtasibu, ambaye ni msimamizi wa soko na maadili ya mji, alitaja kuwa ni katika kazi zake kuwazuia wenye wanyama wasiwatumikishe kupita uwezo wao. Na Ibn Saad amepokea katika Tabaqat kwamba Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimpiga mwenye ngamia aliyembebesha ngamia wake asichokiweza. Hiyo ilikuwa adhabu iliyotolewa na kiongozi wa dola kwa sababu ya mnyama, na aliyeadhibiwa alikuwa ndiye mwenye mnyama huyo. Hakuweza kujitetea kwamba mali ni yake.

Msingi wa yote haya ni mlango wa taazir. Kila maasi ambayo Sharia haikuyawekea hadi maalumu wala kafara, adhabu yake imeachiwa kiongozi aikadirie kwa kutazama uzito wa kosa na hali ya mkosaji, na lengo lake ni kukanya. Ibn Hajar Al-Haytami, katika kitabu chake Zawajir, ameyahesabu mateso ya wanyama, kama kuwakata viungo na kuwafanya shabaha, kuwa ni miongoni mwa madhambi makubwa. Adhabu isiyomkanya mtu imeondokewa na maana yake. Imepokewa kwamba Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana waliomweka ndege awe shabaha ya mishale yao, walipomwona tu wakatawanyika, naye akawaambia kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kufanya hivyo. Vijana wale walitawanyika kwa sababu walijua kwamba anayekuja ana heshima na neno lake lina uzito. Ni nani leo anayetawanyika kwa kuogopa shilingi 3,000?

Wengine walivyofanya

Uturuki ni nchi ya Waislamu, na huruma yake kwa wanyama ina historia. Misikiti kadhaa ya Istanbul iliyojengwa zama za Othmaniyya ina vijumba vya ndege vilivyochongwa katika kuta zake. Lakini huruma isiyolindwa huweza kutoweka. Mwaka 1910 watawala wa mji huo huo waliwakusanya mbwa wa mitaani kwa maelfu, wakawatupa katika kisiwa kikavu cha Sivriada, wakafa kwa njaa na kiu.

Mwaka 2004 Uturuki ilitunga sheria ya kuwalinda wanyama, Namba 5199, lakini adhabu ya aliyewatesa ilikuwa faini tu ya kiidara, mithili ya kosa la kuegesha gari mahali pasiporuhusiwa. Watu waliilalamikia kwa miaka mingi, na Julai 2021 Bunge likaigeuza. Mnyama akahesabiwa kuwa ni kiumbe hai, akatolewa katika fungu la bidhaa, na mwenye kumtesa au kumuua kwa makusudi akawekewa kifungo cha jela kinachoweza kufika miaka 4.

Je, kuandika sheria kulitosha? Januari 2024 mtu mmoja jijini Istanbul alimpiga mateke paka aliyejulikana kwa jina la Eros mpaka akafa, na kamera za jengo zikarekodi. Mahakama kwanza ilitoa hukumu nyepesi ya kifungo ambacho kiliahirishwa. Wananchi wakapaza sauti, kesi ikasikilizwa upya, na hukumu ikapanda hadi miaka 2 na nusu. Twapata funzo mara mbili hapa. Kwanza, lau si mabadiliko ya 2021, mahakama ile isingekuwa na njia ya kumfunga kabisa. Pili, hakimu huhitaji kuona kwamba jamii inaliona kosa kuwa ni kosa.

Na kwa kuwa sheria yetu tumeirithi zama za Waingereza, yafaa tujue nao wamefikia wapi. Huko England na Wales, ukomo wa kifungo kwa ukatili huu ulikuwa miezi 6, sawasawa na wetu. Tangu Juni 2021 umepandishwa hadi miaka 5. Wakoloni waliotuachia desturi ya miezi 6 wameiacha wao, nasi tungali tumeikumbatia.

Majibu ya hoja

Atasema msemaji: watu wanakufa kwa njaa na dhulma, nanyi mnaleta habari za paka? Twamjibu kwamba Mtume (S.A.W.) aliyafundisha haya wakati masahaba wake wengine wakifunga mawe matumboni kwa njaa, wala hakuahirisha mafunzo ya huruma mpaka watu washibe. Isitoshe, mkono uliozoea kumtesa asiyeweza kusema haubaki hapo. Marekani, kuanzia mwaka 2016, idara ya FBI iliyaweka makosa ya ukatili kwa wanyama katika fungu lake maalumu la takwimu za uhalifu, kwa kuona kwamba hayafai tena kuchanganywa na makosa madogo madogo.

Atasema mwingine: mbwa ni najisi. Ndiyo, hiyo ndiyo hukumu ya madhehebu yetu, nayo inahusu kuosha chombo na nguo. Haikuwa kamwe ruhusa ya kutesa. Mbwa wa kisimani alikuwa na hukumu hiyo hiyo, na aliyemnywesha alisamehewa.

Wa tatu atataja kichaa cha mbwa, na huyu ana hoja yenye uzito, kwa kuwa maradhi haya yakishadhihirika kwa mtu ni nadra mno kupona, na aghalabu ya walioyapata wameyapata kwa kuumwa na mbwa. Sharia imeruhusu kumuua mbwa mkali mwenye kudhuru. Lakini kuua ni jambo moja na kutesa ni jingine, na hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.) katika Sahihi Muslim imetuamrisha wema hata katika kuua. Nyama yenye sumu inayotupwa barabarani humuua mnyama kwa mateso marefu, haichagui mgonjwa na mzima, na huweza kuokotwa na mtoto. Njia iliyothibiti ni chanjo: Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba mbwa wakichanjwa kwa kiasi cha asilimia 70, mnyororo wa maradhi hukatika. Kenya yenyewe ina mpango wa kuyatokomeza maradhi haya kati ya mwaka 2014 na 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake.

Wa nne atahofia kwamba wanyonge watajazwa magerezani. Hofu hii ni ya haki, na kwa ajili yake twasema ongezeko lihusu ukatili mkubwa wa makusudi peke yake. Fukara aliyeshindwa kumtibu punda wake anahitaji msaada na mafunzo. Mtoto aliyempiga paka jiwe anahitaji mzazi na mwalimu.

Twapendekeza nini

Adhabu za jinai hazimo mikononi mwa Kadhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeziwekea mahakama za Kadhi mipaka katika ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Basi jambo letu liko Bungeni, na Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 119, imempa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge maombi juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka yake, likiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Kamati ya msikiti yaweza kuyaandika, na waumini wakayatia saini baada ya sala ya Ijumaa.

Katika maombi hayo twaona yatajwe mambo matatu. La kwanza, ukatili mkubwa wa makusudi utengwe uwe kosa lenye jina lake, na ukomo wa kifungo chake uhesabiwe kwa miaka. La pili, faini ipandishwe kufikia kiwango chenye kuumiza, na iwekewe njia ya kurekebishwa ili thamani ya fedha ikishuka isigeuke kichekesho. La tatu, mahakama iwe na desturi ya kumwondolea mkosaji mnyama aliyemtesa na kumzuia kufuga mwingine kwa muda, kwa kuwa amana haiachwi mkononi mwa aliyeikhini.

Tusizisahau serikali za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Mwakilishi wa wadi yuko karibu nasi kuliko mbunge. Yafaa aulizwe: chanjo ya mbwa katika wadi hii ilifanyika lini, na mwananchi akishuhudia mateso ya mnyama ampigie nani?

Na kabla ya Bunge, kuna nyumba na madrasa. Sheria humfikia mtu baada ya mnyama kuumia. Malezi humfikia kabla. Khatibu anayesoma hadithi ya paka juu ya mimbari aifuatishe kwa kuwaeleza waumini kwamba kitendo hicho ni jinai nchini mwao. Mwalimu anayewasomesha watoto mlango wa twahara, akifika kwenye masazo ya paka, asiishie kwenye hukumu ya maji. Awafunze pia kumwinamishia chombo. Mzazi akimwona mwanawe amemfunga kijipaka kamba ya shingo na kumburura, asicheke.

Ndugu Waislamu, wanyama hawa hawana wakili, hawaandiki malalamiko wala hawapigi kura. Wameumbwa na aliyetuumba sisi, na tumeamini kwamba Siku ya Kiyama kila mwenye haki atarudishiwa haki yake, hata kondoo asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe. Mwenye kuamini hivyo hawezi kuridhika kuona hapa duniani mateso ya kiumbe yakiuzwa kwa shilingi 3,000.

Twamwomba Mwenyezi Mungu alainishe nyoyo zetu, atujaalie tuwe wenye kuwahurumia walioko ardhini ili nasi tuhurumiwe, na awape wabunge wetu ujasiri wa kuirekebisha sheria hii.

Wabillahi tawfiq.